Mchungaji, Biolojia Inalipa?

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa usharika wetu alinisubiri nje ya ofisi mpaka washarika wote wakaondoka. Ni mkulima wa kabichi na nyanya huku milimani Lushoto, mtu wa maneno machache, ambaye katika miaka yangu yote hapa hakuwahi kunijia na shida yake mwenyewe. Mkononi alikuwa na karatasi ya matokeo ya kidato cha sita ya binti yake. Binti alisoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Alikuwa amefaulu vizuri, ila si kwa kiwango cha kushindania nafasi za udaktari.

"Mchungaji," akasema, "huyu mtoto anataka kusoma biolojia. Si udaktari, si uuguzi. Biolojia tu. Na anataka kuomba mkopo wa serikali. Mimi nauliza jambo moja. Biolojia inalipa?"

Nilikuwa na jibu la haraka, maana nilikuwa nimewahi kulitoa. Miaka kadhaa kabla, nikiwa katika usharika mwingine, kijana aliniletea swali karibu lile lile. Nilimwekea mikono kichwani, nikamwombea, nikamwambia aende, Mungu aliyemfikisha pale atafungua njia. Alikwenda, akasoma, akahitimu. Tulimpigia makofi kanisani siku aliyokuja na joho. Kisha miaka ikapita bila kazi, na siku moja nilipokuwa natoka mazishini nikapanda bodaboda, kumbe dereva ni yeye. Alikataa kupokea nauli. Nilipokuwa nashuka akaniuliza kwa upole kabisa, "Mchungaji, siku ile uliponiombea, ulikuwa unajua mkopo unalipwaje?"

Sikuwa najua. Wala sikuwa nimewahi kuuliza.

Kwa hiyo safari hii sikujibu. Nilimwomba mzee aje Jumanne, aje na binti yake, nami nikatumia Jumatatu yangu ya mapumziko kujifunza mambo ambayo mchungaji wa vijana wengi kama mimi alipaswa kuyajua zamani.

Wako kati yetu wanaoona kwamba kupiga hesabu ya fedha mbele ya jambo jema ni upungufu wa imani. Nimehubiri hivyo mimi mwenyewe, tena kwa sauti kubwa. Lakini Bwana Yesu, alipotaka kueleza gharama ya kumfuata, alitwaa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anakaa chini na kuhesabu kama anacho cha kuumalizia (Luka 14:28). Hakumlaumu mtu yule kwa kuhesabu. Anayechekwa katika mfano ule ni yule aliyeanza bila hesabu. Kama kumfuata Kristo kwenyewe kunaruhusu mtu akae chini na kuhesabu, basi shahada ya miaka mitatu inaruhusu zaidi.

Jumanne tukakaa watatu ofisini. Nilichukua ratiba ya ibada iliyopita, nikaigeuza, nikaandika upande wa nyuma.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fedha inayotoa ni mkopo. Naandika jambo hili linalojulikana kwa sababu huku vijijini wazazi wengi bado wanasema mtoto "amefadhiliwa na serikali", na mtoto haoni sababu ya kuwasahihisha. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwafanya watu walipe miaka na miaka huku deni likikataa kupungua. Hiyo iliondolewa mwaka 2021, na kwa hilo wahitimu wengi walimshukuru Mungu.

Nikamwambia mzee: tuseme binti atakopa jumla ya shilingi milioni 12. Tuseme atapata kazi yenye mshahara wa msingi wa shilingi 750,000. Asilimia 15 ni shilingi 112,500. Ukigawa, unapata miezi 107, yaani karibu miaka tisa. Na katika hiyo 750,000 itatoka pia kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya, kwa hiyo zaidi ya laki mbili zitakuwa zimeondoka kabla hajazishika.

"Miaka tisa," mzee akasema.

"Kama kazi itapatikana mapema."

"Na isipopatikana?"

"Deni linabaki linamsubiri."

Akanyamaza. Nikaeleza mengine. Nilieleza kwamba Bodi hupanga mkopo kwa kutazama uhitaji, na si kila anayepata hupata wote, kwa hiyo familia ijiandae kwa sehemu itakayopungua. Nilieleza pia jambo ambalo wote wawili hawakulijua: shahada ya biolojia peke yake na shahada ya sayansi pamoja na ualimu ni vitu viwili. Ya pili inampa mtu sifa ya kuomba ajira ya kufundisha, na shule zetu zina shida ya walimu wa sayansi. Ya kwanza inaelekea kwenye utafiti, maabara, hifadhi za wanyama, udhibiti wa wadudu na magonjwa ya mimea, viwanda vya vyakula na dawa. Ni kazi zenye maana kubwa, lakini nafasi zake ni chache na wanaozigombania ni wengi.

Mpaka hapo binti alikuwa hajasema neno zaidi ya kuniamkia. Nikamuuliza kwa nini biolojia.

Akajibu, "Kwa sababu ya kantangaze."

Msomaji asiyelima nyanya huenda hamjui mdudu huyu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania alionekana mwaka 2014. Nondo wake ni mdogo, wa rangi ya kijivu, lakini kiwavi wake anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda, na shamba lililokuwa kijani wiki hii, wiki ijayo linaonekana kama limebabuliwa kwa moto. Mzee alipulizia dawa moja ikafanya kazi, msimu uliofuata ikagoma. Akanunua nyingine ya bei zaidi, nayo ikagoma. Binti alikuwa shule ya msingi wakati huo, na kazi yake ilikuwa kuchota maji ya kuchanganyia dawa. Alichotaka kujua ni kwa nini dawa iliyoua jana haiui leo. Alipofika kidato cha tatu akaambiwa kwamba wachache wasiokufa ndio wanaozaa, na watoto wao wanarithi ule ugumu. Akaniambia, "Mchungaji, nilikuja nyumbani nikamweleza baba. Akasema, sasa tufanyeje? Sikuwa na jibu."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama sakafu.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa swali lake. "Inalipa?" ina maana mbili, na tumezoea kuzichanganya. Inamlipa nani? Shahada hii inaweza isimlipe sana huyu binti, na bado ikawalipa wakulima wa nyanya wa mabonde yote ya Lushoto. Hesabu niliyoiandika nyuma ya ratiba ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa hesabu ya mtu mmoja.

Maandiko hayaidharau elimu hii. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, kinapoeleza hekima ya Sulemani, hakiishii kwenye hukumu za mahakamani. Kinataja kwamba alinena habari za miti, kuanzia mierezi ya Lebanoni hadi hisopo iotayo ukutani, na habari za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki (1 Wafalme 4:33). Mfalme aliyepewa hekima na Mungu alitumia sehemu yake kutazama majani ya ukutani. Na sisi tunaoishi Usambara tusione ajabu: ua la dhambarau linalopamba madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, wanaloliita urujuani wa Afrika, asili yake ni misitu yetu hii. Kule Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902, kwa kuwa waliona huku kuna vitu vya kuchunguza. Wao walituma watu wao kuja kuchunguza. Watoto wetu wanapita katikati ya vitu hivyo hivyo wakienda shule, na mmoja wao akitaka kuvichunguza, tunamuuliza kama inalipa.

Lakini mzee hakuwa mjinga kuuliza, na hakuwa wa kwanza. Hans Luther, baba yake Martin, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba. Alimsomesha mwanawe Erfurt kwa jasho lake ili awe mwanasheria, kazi yenye heshima na kipato. Mwaka 1505 kijana akaacha sheria na kuingia monasteri. Baba alikasirika sana. Tunaposimulia habari hii siku ya Matengenezo tunaisimulia upande wa mtoto, kwa sababu tunajua mwisho wake. Hans hakuujua. Alichokiona ni fedha ya miaka mingi imepotea, na uzee wake bila msaada.

Mwaka 1530, mwaka uleule wa Ungamo la Augsburg, Luther aliandika hotuba ndefu kuhusu wajibu wa kuwaweka watoto shuleni. Wazazi wengi Ujerumani walikuwa wameanza kuwatoa watoto wao. Zamani elimu ilimpeleka mtoto kwenye vyeo vya kanisa vyenye mapato ya uhakika. Baada ya Matengenezo mapato yale yalitetereka, na wazazi wakaona heri mtoto akajifunze biashara. Yaani, elimu ilikuwa hailipi tena. Luther aliwakemea, ndiyo. Aliwaambia kwamba nchi isiyo na watu wa elimu itaanguka. Alikumbuka pia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mwanafunzi maskini wa kuombaomba mkate milangoni mwa watu, na jinsi baba yake alivyomtunza chuoni kwa upendo na kazi ngumu. Ila hakuishia kuwakemea wazazi. Alisema kwamba mtoto mwenye uwezo akiwa na baba maskini, mali ya kanisa imsaidie, na matajiri watenge sehemu ya mali zao kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo. Sehemu ya kwanza ya hotuba ile tunaipenda sana sisi wachungaji. Ya pili inagusa mfuko wa usharika, kwa hiyo hatuitaji mara nyingi.

Sasa niseme juu ya deni lenyewe. Mithali inatuonya kwamba akopaye huwa mtumwa wake akopeshaye (Mithali 22:7), na kila aliyewahi kuingia kwenye mikopo ya wale wa mitaani, wanaochukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri, anajua kwamba huo si mfano tu. Mkopo wa elimu si wa namna hiyo. Fedha inayorejeshwa na mhitimu wa jana ndiyo inayosaidia kumlipia mwanafunzi wa kesho. Kwa hiyo Mkristo mwenye kipato anayejificha asilipe, akibadilisha kazi na kukaa kimya, hamkwepi waziri. Anamnyima mtoto wa jirani yake. Zaburi ya 37 inamweka mkopaji asiyelipa upande wa waovu, na sioni namna ya kulilainisha neno hilo. Lakini lisimwangukie yule kijana wangu wa bodaboda, ambaye hakukataa kulipa ila hana. Kuna tofauti kati ya mwenye hila na mwenye kukosa, na kanisa linapohubiri juu ya madeni bila kuitaja tofauti hiyo linamwumiza asiyestahili.

Deni la Bodi, kwa vyovyote, lina karatasi. Lina kiasi, na lina mwisho. Mhitimu wetu ana deni jingine lisilo na karatasi. Baba aliuza ng'ombe. Shangazi alinunua godoro. Kaka aliacha shule ili yeye aendelee. Hakuna aliyeandika kiasi, kwa hiyo hakuna siku litakayokwisha. Bodi humwacha mhitimu apumue kidogo baada ya chuo; ukoo humpigia simu wiki anayopokea mshahara wa kwanza. Nalijua hili. Nilipoanza utumishi nililipa ada za wadogo zangu mpaka mke wangu akawa anaogopa simu yangu ikilia usiku. Siwalaumu, maana bila wao nisingefika chuo cha theolojia. Lakini kulikuwa na miaka ambayo nilifanya kazi ya Mungu huku moyo wangu umejaa hasira, na sikuweza kuisema kwa mtu.

Paulo anaonekana kusema mambo mawili hapa. Kwa Timotheo anaandika kwamba watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao (1 Timotheo 5:4). Kwa Wakorintho anaandika kwamba haiwapasi watoto kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto (2 Wakorintho 12:14). Nimekaa na mistari hii miwili muda mrefu. Ninavyoielewa, mzazi mwenye njaa, mjane, mgonjwa, ana haki juu ya mshahara wa mtoto wake, na mtoto anayemwacha ameikana imani. Lakini mzazi anayemsomesha mtoto kama anavyopanda miti ya mbao, akihesabu siku ya kuvuna, amegeuza upendo kuwa mkopo, tena wenye riba. Najua ni neno gumu kwa wazazi waliouza mashamba. Nalisema hata hivyo.

Na mdai wa tatu ni sisi. Mhitimu akionekana kanisani na shati la pasi, mwinjilisti anamfuata na bahasha ya ahadi, bahasha ya jengo, na kadi ya harambee. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Nadhani angekuwa na neno pia kwa usharika unaompigia makofi kijana mwenye deni kisha unampelekea orodha ya michango.

Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alimlilia Elisha kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili (2 Wafalme 4). Tunapenda kuhubiri juu ya yale mafuta. Mimi siku hizi natazama vyombo. Elisha alimwagiza akaazime vyombo kwa majirani zake wote, tena si vichache. Wanawe waliokolewa kwa mafuta ya Mungu yaliyokingwa katika vyombo vya majirani.

Basi nilimwambia nini mzee? Nilimwambia asiuze shamba la bondeni, ambalo nilijua alishaanza kulitafutia mnunuzi. Shamba lile linalisha watu saba. Nilimwambia binti aombe nafasi zote mbili, biolojia na sayansi pamoja na ualimu, na akipata zote achague yeye, kwa kuwa miezi ile 107 ni yake. Kisha nikamwomba mzee aseme mbele ya binti kwamba katika miaka mitatu ya kwanza ya kazi hatamtegemea kwa ada za wadogo zake. Hilo halikuwa jepesi. Alikaa muda mrefu. Mwishowe akasema "miwili", na binti akalia.

Mimi nilikwenda Baraza la Wazee na ombi la mfuko wa elimu wa usharika. Mzee mmoja akauliza, "Na paa la kanisa je?" Ni swali la haki, linavuja. Tuliahirisha mara mbili. Mara ya tatu wakakubali sadaka moja kwa mwaka, ya Jumapili baada ya Matengenezo. Mwaka wa kwanza haikufika hata nusu ya ilichopungukiwa familia ile. Yule dereva wangu wa bodaboda sasa anafundisha kwa mkataba katika shule binafsi. Nilimwomba aje kuzungumza na vijana wa kipaimara, akakubali, akawaeleza makato na kila kitu, na hakunitaja.

Binti alichagua biolojia. Yuko mwaka wa pili. Mwezi uliopita baba yake alikuja tena baada ya ibada, akafungua Mwimbieni Bwana yake, akatoa ile karatasi ya ratiba, imekunjwa mara nne na wino umefifia kwenye mikunjo. Kiasi cha mkopo cha mwaka huu kimebadilika, akasema, na nyanya zimeshuka bei, kwa hiyo hesabu zile haziko sawa tena. Nikatafuta kalamu.